Mwanamume Pekee Katika Chama cha Akina Mama wa Burma

Ipo Ijumaa moja ya mwisho wa mwezi ambayo hainitoki akilini, mwanangu. Kila nikiikumbuka hucheka peke yangu, hadi mke wangu huchungulia kutoka jikoni kuuliza kama nimepata wazimu. Siku hiyo mwuza nyama alizikataa pesa zangu. Noti ziko mezani, naye anazisukuma zinirudie!

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Niliendesha mashine ya kuchapa katika kiwanda kimoja Industrial Area, na nilikuwa nimepanga chumba kimoja Makadara. Mshahara wangu haukuwa mkubwa, lakini siku ulipotoka mimi nilikuwa mfalme. Kila mwisho wa mwezi jioni nilipita Soko la Burma nikifuatwa na vijana saba, tukajaza benchi la bucha ya Mama Nyambura, nami nikaagiza mbavu kilo nne, ugali, kachumbari na soda ya kila mtu.

"Chairman!" walinishangilia. "Buda, leo tunakula kama mawaziri!"

Nikisikia hivyo, niliongeza kilo nyingine. Ponda mali, kufa kwaja. Hiyo ndiyo iliyokuwa sala yetu. Ikifika tarehe kumi, Chairman yuko chumbani mwake anakunywa chai ya rangi na mkate mkavu, anaazima sukari kwa jirani.

Nikwambie siri ambayo hata mimi ilinichukua muda kuijua. Sikuwa mlafi wa nyama. Kwetu Bungoma tulikuwa watoto wanane, mimi wa tano, na jina langu halikuitwa ila nilipotumwa maji au kuni. Pale Burma niliitwa kwa furaha. Nani asiyependa kuitwa kwa furaha?

Mwaka huo dada yangu mdogo, Nekesa, alipata nafasi ya kusomea uuguzi, aanze Januari. Baba alikuwa ameshafariki, na shamba la mama lilikuwa la kulisha nyumba tu. Nikamwandikia Nekesa barua: usiwe na wasiwasi, karo ya kuanzia iko juu yangu. Ilikuwa mwezi wa tano, na barua hiyo niliiandika tumbo likiwa limejaa mbavu. Mtu akishiba huahidi hata mvua.

Miezi ikapita, sikuweka hata shilingi. Bandu bandu huisha gogo, na gogo langu mimi nililichanja kwa shoka.

Mwezi wa nane malaria ikaniangusha. Nililala siku nne na hakuna hata mmoja wa wale saba aliyekuja kubisha. Siku ya tano mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Nyambura, na aproni yake ya kazi bado kiunoni, amebeba kopo la supu ya mifupa. Alikuwa mjane mrefu, mwenye mikono ya mtu aliyepasua ng'ombe miaka mingi. Alikuwa ameona siku zinapita bila mimi kupita sokoni, akauliza njia mpaka akafika.

Alisimama katikati ya chumba akatazama. Godoro sakafuni. Redio kubwa ya kaseti. Jozi sita za viatu, zimepangwa zinang'aa.

"Jiko lako liko wapi?" akauliza.

Sikuwa na jiko.

"Na blanketi?"

Nilikuwa nimejifunika koti. Basi homa humlegeza mtu ulimi. Nikamwambia yote, na habari za Nekesa nikamwambia. Hakunikemea, mwanangu. Alinitazama nikinywa ile supu hadi tone la mwisho, akachukua kopo lake, akaenda. Nikadhani yameishia hapo.

Ndipo ikaja ile Ijumaa. Nimepona, nimelipwa, vijana wako nyuma yangu, noti nimeziweka mezani kwa mbwembwe.

"Leo sikuuzii," Mama Nyambura akasema.

Vijana wakacheka, wakidhani ni mzaha. Yeye akakichomeka kisu chake kwenye gogo la kukatia nyama.

"Wafula, wewe hununui nyama. Unanunua kupigiwa makofi. Na makofi hayamlipii msichana karo." Kisha akawageukia wenzangu. "Haya, nani kati yenu anaagiza leo? Aje, nyama iko."

Mmoja akakumbuka ameacha nguo kwenye kamba. Mwingine akakumbuka mjomba wake amefika kutoka mashambani. Kabla hujahesabu mia, benchi lilikuwa tupu kama kanisa Jumatatu. Leo nacheka, lakini saa ile masikio yaliniwaka moto. Nikamwambia nitazipeleka pesa zangu bucha ya jirani.

"Nenda, bucha ni nyingi," akasema. "Lakini Jumapili baada ya ibada njoo nyumbani kwangu Buruburu, na hizo noti uje nazo."

Bucha ya jirani sikwenda. Ningekula na nani? Jumapili ikanikuta na mshahara mfukoni, jambo ambalo halikuwahi kunipata, na kusema kweli sikujua mtu huufanyia nini. Nikaenda Buruburu.

Nilikuta akina mama kumi na wawili wameketi sebuleni. Wauza nyama, wauza mboga, mshonaji mmoja, na Mama Atieno aliyeuza samaki sokoni Burma, mama mwenye sauti ya kusimamisha gari. Kilikuwa chama chao: kila mwezi kila mmoja anachanga kiasi kilekile, na jumla yote anapewa mmoja, kwa zamu.

"Huyu ndiye mwanachama mpya," Mama Nyambura akatangaza.

Mama Atieno akanipima kutoka juu hadi chini. "Na huyu ni mama nani?"

Walicheka hadi wengine wakafuta machozi. Tangu siku hiyo nikawa Mama Wafula, na kwa kuwa mgeni ndiye hupika chai, nikapelekwa jikoni. Maziwa yakafurika, yakaungua. Wakayanywa hivyohivyo, wakayasema hadi chungu kikakauka.

Halafu tukapiga kura ya zamu za duru mpya, iliyokuwa ikianza mwezi uleule wa Septemba. Nikafungua kikaratasi changu: namba kumi na tatu, ya mwisho kabisa. Zamu yangu ingefika Septemba ya mwaka uliofuata, wakati nafasi ya Nekesa imekwisha kupewa mwingine. Uso hauna pazia. Mama Nyambura akawaeleza jambo la dada yangu.

Zamu ya Januari ilikuwa imemwangukia Mama Atieno. Alikuwa akiitaka kwa mabati ya nyumba yake ya mashambani. Akakigeuza kikaratasi chake mkononi, kisha akaninyooshea.

"Mabati yangu yamesubiri miaka mitatu. Yanaweza kusubiri Septemba. Lakini wewe Mama Wafula, ukiruka mwezi mmoja tu na mvua ininyeshee, nitakuja kulala kwako."

Walicheka tena. Mimi nilikimbilia jikoni nikasema naenda kuosha vikombe, maana machozi yalikuwa yananilenga.

Sikuruka hata mwezi mmoja. Niliuza redio na jozi nne za viatu, nikanunua jiko na blanketi, nikajifunza kusonga ugali. Wale marafiki saba wakabaki wawili, na hao wawili ndio waliosimama nami siku ya harusi yangu. Januari nilimshika Nekesa mkono hadi kwenye dirisha la kulipia karo, na tulipotoka pale dada yangu aliruka kama mtoto. Septemba ilipofika, Mama Atieno alipata mabati yake yote.

Na siku Nekesa alipohitimu! Akina mama wote walikuja, wamefunga vitambaa vya rangi moja, wakapiga vigelegele hadi msemaji jukwaani akanyamaza kuwasubiri. "Kaka, hawa ni akina nani?" Nekesa akaninong'oneza. Nikamjibu kwa fahari, "Wanachama wenzangu."

Nilikaa katika chama kile miaka kumi na mmoja. Zamu moja ilininunulia mashine ndogo kuukuu ya kuchapa kadi za harusi. Nikaifanyia kazi Jumamosi, kisha kila jioni, mpaka siku nilipomuaga bosi wangu kwa heshima nikawa bosi wangu mwenyewe. Sijawa tajiri, mwanangu. Lakini kwangu tarehe kumi na tarehe thelathini zimekuwa mapacha, sizitambui ni ipi. Huo ndio uhuru ninaoujua mimi.

Basi nisikilize, wewe uliyeanza kazi juzi. Pesa ikiingia, tenga akiba ikiwa bado ina joto, kabla haijasikia jina la mtu mwingine. Usingoje kitakachobaki; hakuna kinachobakiga. Simu yako itakukopesha kwa kubonyeza tu, nayo itakudai kwa ukali. Usikope ili uonekane. Kopa, kama ni lazima, kwa kitu kitakachofanya kazi ukiwa umelala. Tafuta watu wanaoweka akiba uketi nao, hata wakikucheka, kwa sababu kidole kimoja hakivunji chawa. Wala sikwambii uwe bahili. Kula nyama, wakaribishe watu, furahi. Ila kwanza ujue ni nani anayekutegemea, na fungu lake liwe limeshawekwa kando.

Nenda basi, na Mungu alitie baraka jasho lako. Akupe kazi inayokulisha na moyo unaotosheka. Wema upite milangoni mwako, na siku mvi zitakapokujia, uketi kwenye kiti ulichokinunua mwenyewe, uwe na chai ya kumpa kijana wa mtu, na wakati wa kumsikiliza. Amina.