Bomba Lililongoja Mgeni

Kamusi ya Kiingereza tuliyotumia shuleni ilisema "officially" ni kufanya jambo kwa njia rasmi. Aliyeiandika hakuwahi kuishi kwetu, kando ya Karatina, miaka ya tisini. Kwetu neno hilo lilikuwa na maana moja tu: ngoja.

Bomba la maji lilikuwa limeshafika mbele ya kanisa, na maji yalikuwamo. Lakini mwenyekiti wa kamati ya maji, mtu wa kuvaa koti la suti hata akienda kukamua ng'ombe, alilitia kufuli.

"Wamama, ngojeni kidogo," alituambia. "Hii maji lazima mheshimiwa atoke Nyeri aifungue officially. Ama mnataka tuonekane washamba?"

Washamba! Kumbe ustaarabu ni kukaa na kiu.

Mheshimiwa akaahirisha, kisha akaahirisha tena. Mvua za masika zikaanza. Mama yangu aliendelea kushuka mtoni na kupanda na mtungi mgongoni, mkanda ukimkata kwenye paji la uso, na kila mara alipita palepale penye kufuli. Asubuhi moja aliteleza kwenye matope ya mteremko ule, akavunjika mguu. Mwenyekiti alikuja kutoa pole "kwa niaba ya kamati". Tulipomwomba ufunguo, alisema sheria ni sheria. Sheria gani? Kufuli alilinunua mwenyewe sokoni. Nilimdharau siku ile, na sijaacha.

Hatimaye mgeni alifika, jua likielekea kuzama. Wanawake walikuwa wamekwenda mtoni tangu asubuhi kuchota maji ya chai yake, kwa sababu bomba lilikuwa bado halijafunguliwa. Zilisomwa hotuba, ukakatwa utepe mwekundu, mpiga picha akachuchumaa. Mwenyekiti akamwona mama yangu na mkongojo wake, akaona picha nzuri.

"Mama, kuja uteke ya kwanza. Officially!"

Mama alisogea hadi kwenye bomba, akalitazama, kisha akamtazama yeye.

"Mguu yangu haikungoja mheshimiwa," alisema. "Ilivunjika tu hivyo, bila riboni."

Mheshimiwa alicheka, akidhani ni mzaha, na mwenyekiti akacheka kwa kuwa mheshimiwa amecheka. Mama aligeuza mkongojo, akaanza safari ya kurudi nyumbani, nami nyuma yake na mtungi mtupu.