Vijiti vya Kilimani kwa Shangazi Ragna

Wageni walipokuja hapa Wisconsin, Marekani, kutazama makinga maji ya bonde letu na chemchemi zisizokauka, walimsifu baba, mkulima wa siku nyingi. Baba aliinuka akaenda zizini. Wao walidhani ni unyenyekevu. Ilikuwa aibu, na mimi najua ilikotoka.

Mwaka 1934 kazi zilikuwa zimekauka nchi nzima, na serikali ikatuletea kambi ya vijana wasio na ajira waje kutibu vilima vyetu. Makorongo yalikuwa yanameza hata nyua. Na tuliyachimba wenyewe, kwa kushusha plau kutoka juu hadi chini. Sisi wenye asili ya Norwei tulimpima mtu kwa unyoofu wa mifuo ya plau yake. Jumapili baada ya ibada wanaume walisimama barabarani kukagua mashamba, na hakuna aliyenyoosha mfuo kumshinda baba yangu, Torger Lunde.

Shangazi Ragna, dada yake mkubwa, alikuwa mjane. Alitia sahihi mkataba na kambi, na msimamizi, Bwana Dillard, akapigilia vijiti kukizunguka kilima chake ili plau ivifuate na mifuo izuie maji. Wa kulima alikuwa baba. Sasa, wiki moja tu kabla, baba alikuwa amemcheka jirani yetu Elling kwa kulima hivyohivyo: "Elling, aliyelewa nani, wewe au farasi?" Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu! Shangazi alikuwa kitandani na homa, basi baba, mimi nikimtazama, akang'oa vijiti, akashusha plau moja kwa moja, akapanda shayiri, kisha akamwambia: "Dada, nimevifuata."

Kesho yake ilianza mvua ya siku tatu. Haikuacha hata mfuo mmoja. Udongo wote uliteremka na mbegu zake, ukafukia chemchemi iliyowanywesha ng'ombe wa shangazi.

Jumapili Dillard alikuja kanisani kuonana na wakulima waliotaka kutia sahihi. Shangazi akasimama, bado anatetemeka kwa homa.

"Wewe bwana umenimaliza! Wewe na vijiti vyako!"

Wakulima wakaanza kuvaa kofia. Wangetoka hao, kambi ingehamia kwingine, na bonde lingebaki na makorongo yake. Nilimwona baba ameinama, masikio mekundu. Nilitamani anyamaze, nami hilo linanitia haya mpaka leo.

"Niliving'oa mimi," alisema. "Nililima nilivyozoea. Niliogopa mtanicheka."

Hakuna aliyecheka. Elling alivua kofia akaketi, na wengine wakaketi mmoja mmoja. Siku ile walitia sahihi tisa.

Nje, baba alimfuata shangazi penye gari la farasi. "Dada, nimekudanganya."

"Kitanda changu kiko dirishani, Torger. Nilikuona ukivibeba kwapani."

"Ulijua? Mbona basi ukamtukana yule bwana mbele za watu?"

"Wangejua, ungekaa wapi wewe katika bonde hili? Yeye mgeni, ataondoka. Wewe ndugu yangu." Akajifuta machozi kwa kiganja. "Nimesema uongo kanisani, mimi na uzee huu, kwa ajili ya mifuo yako. Haya, twende tukamwombe radhi yule bwana. Tangulia wewe, mimi sina uso wa kumtazama."