Viatu vya Bibie

Kama kuna mtu aliyezaliwa na jibu mdomoni, ni huyu fundi viatu. Mtaani wanamwita Soli. Ukimuuliza njia ya kwenda sokoni, atakueleza kwanza kwa nini viatu ulivyovaa havifai kwenda huko. Siyo mtu mbaya, tuseme ukweli. Anakaa kwenye kibanda chake cha mabati, ubavuni mwa kinyozi, na miguu ya watu inampitia mbele ya macho kutwa nzima. Akimwona mtu anachechemea, humwita. "Wewe, hebu njoo. Kiatu hicho kinakuua." Na mara nyingi huwa kweli. Hapo ndipo penye balaa, maana mtu anayepatia mara nyingi hakuna anayethubutu kumwambia siku aliyokosea.

Mama mkwe wake alipofiwa na mumewe akahamia kwao, alikuja na sanduku moja, mto wake wa kulalia, na simbilisi, yule mnyama mdogo wa kufugwa kama panya asiye na mkia. Simbilisi mwenyewe jike, mnene, mweupe mwenye mabaka ya kahawia, jina lake Bibie. Alikuwa wa marehemu. Mzee ndiye aliyekuwa akimlisha pilipili hoho kwa mkono wake, na alipokuwa taabani kitandani alimwomba mkewe jambo moja tu, kwamba mnyama yule asitupwe.

Bibie alikuwa na ugonjwa wa nyayo. Kizimba chake cha zamani kilikuwa na sakafu ya waya, waya ikamchubua miguu ya mbele, pakatoka kidonda, kidonda kikafanya uvimbe, na uvimbe ukageuka mpangaji sugu: unapungua, unarudi, kuhama hauhami. Daktari wa mifugo alishasema hapa hakuna kupona moja kwa moja, kuna kutunza. Matandiko makavu na laini. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kisha kukausha vizuri, kisha dawa. Na mguu upate hewa. Yote hayo mama aliyafanya kila siku, kitambaa magotini, bila kumsumbua mtu.

Sasa, Soli na mama mkwe wake. Wewe unajua mambo ya mkwe yalivyo. Walikuwa wanaheshimiana mpaka heshima yenyewe inachoka. Soli hakuwahi kutia mguu chumbani kwa mama. Akirudi kazini alisimama mlangoni akakohoa kwanza, ili mama ajiweke sawa, ndipo aingie. Yeye alimwita "mama," mama akamwita "baba," na baada ya hapo maneno yaliwaishia. Yaani mtu mwenye domo lile, mbele ya bibi yule mdogo wa kimo, alikuwa anatoka jasho! Tangu siku ya harusi alikuwa na donge lake moyoni kwamba mama alimtakia binti yake mtu wa maana zaidi kuliko mshona viatu. Hakuna aliyemwambia hivyo. Alijiambia mwenyewe, na alivyo mbishi, angebishana na dunia nzima lakini siyo na nafsi yake.

Jioni moja akamwona mama amempakata Bibie sebuleni, anamkausha nyayo. Soli akainama akatazama. Akaona nafasi yake.

"Mama, mguu wenye kidonda unataka kiatu."

"Daktari alisema upate hewa, baba."

"Daktari anajua ng'ombe, mama. Miguu niachie mimi."

Haya. Kesho yake akaacha kazi za watu, akakata ngozi laini ya mbuzi, ile anayowawekea akina mama wajawazito waliovimba miguu. Ndani akaweka sponji, akapiga mishono midogo sana, akatia na vikamba vya kufungia. Viatu viwili, kila kimoja kama kifuniko cha chupa. Nisikufiche, vilikuwa vizuri. Lakini fundi wa viatu akiona mguu unauma anafikiri kuufunika tu, hafikirii kingine. Mnyama anayekaa juu ya nyasi alizozikojolea mwenyewe, ukimfunga ngozi na sponji miguuni, umemfungia na unyevu ndani. Hata mtoto angeliona hilo. Soli hakuliona kwa sababu alikuwa anatazama mshono.

"Ahsante, baba. Umejisumbua," mama alisema, akavipokea kwa mikono miwili.

Basi kila asubuhi Bibie aliletwa sebuleni na viatu vyake, na kila jioni Soli akikohoa mlangoni na kuingia, alimkuta navyo. Alifungua, akakagua, akafunga. Na ajabu, miguu ilikuwa inapona! Uvimbe umeshuka, kidonda kimekauka. Soli akavimba kichwa. Mtaa mzima ukajua. Mteja akileta kandambili za kushonwa, anaondoka na habari za simbilisi.

"Kesho utasikia amempimia mjusi buti," kinyozi alisema, wateja wakacheka.

"Cheka tu. Madaktari wamesoma miaka na miaka, mguu wa simbilisi umewashinda. Mimi na sindano yangu, je?"

Halafu binti mdogo wa mama akajifungua huko mbali, na mama ikabidi aende kumsaidia na mtoto. Siku ya kuondoka, gari linamngoja, akasimama mbele ya mkwewe kama mwenye jambo.

"Baba, uwe unamvua vile viatu mara kwa mara. Apumue."

"Mama, nenda kwa amani. Huyu yuko mikononi mwa mwenyewe."

"Hata mchana tu, baba."

"Mama jamani! Mimi ni nani?"

Mama akamtazama. Ungekuwa pale ungeona kabisa kwamba kuna neno limefika kooni. Akalimeza. "Wewe ni fundi, baba," akasema, akapanda gari.

Sikio la kufa halisikii dawa. Soli alimchukua Bibie akamweka kwenye kreti pale kibandani, mbele kabisa, wapita njia wamwone. Viatu miguuni asubuhi, viatu miguuni usiku. Mkewe, ambaye ni mpishi wa shule na hutoka nyumbani alfajiri, alimuuliza, "Humvui hata alale?" Akajibiwa, "Wewe huwa unamfungua mgonjwa bendeji ili alale?" Hata kukagua Soli aliacha. Akague nini, na kazi imeshajithibitisha?

Bibie alikuwa na kawaida ya kupiga kelele akisikia mfuko wa plastiki unachakarishwa, akijua mboga zimefika. Akaacha. Akawa anajikunyata pembeni, manyoya yamesimama. "Ametulia," Soli akawaambia watu. "Hana tena maumivu ya kumhangaisha." Mungu amsamehe, alikuwa anaamini.

Aliyekata mzizi wa fitina ni kinyozi. Siku hiyo jua kali, kibanda kina wateja, kinyozi akaja kuazima mkasi, akasimama ghafla akaziba pua.

"Soli, hiyo ngozi umetoa wapi? Inanuka."

"Ni gundi."

"Gundi ninaijua. Hiyo siyo gundi, ndugu yangu."

Mama mmoja aliyekuwa anangojea kiatu akasogea nyuma. Soli, kwa hasira ya kuwaonyesha, akamnyanyua Bibie, akafungua kamba. Kiatu hakikutoka. Kimegandamana na mguu. Akavuta kidogo, Bibie akalia mlio mmoja mwembamba, na kiatu kikatoka na kile kilichotoka nacho. Mama yule akasema "Yarabi!" akageuza uso. Hakuna aliyecheka, hata kinyozi. Soli alitamani wangecheka. Akamfunga Bibie kwenye aproni yake, akaacha kibanda wazi, viatu vya watu vimetapakaa, akakimbia.

Daktari wa mifugo alikuwa dada mmoja mpole, mikono yake imekwaruzwa na paka. Alimlaza Bibie juu ya meza, akafungua kiatu cha pili kwa kukilowesha maji taratibu, akatazama muda mrefu. Kisha akauliza bila kuinua uso:

"Nani alimvalisha hivi?"

Jamani, binadamu! Hata mimi nikifika hapa huona haya kwa niaba yake. Mtu mzima, ana ndevu, ana mke, mtaa unamheshimu. Na jibu lile lililozaliwa naye mdomoni likatoka kabla hajalikagua.

"Mama mkwe wangu."

Daktari akainua uso sasa. "Mama yule mfupi? Mwenye mtandio wa kijivu?"

Soli akatikisa kichwa kukubali.

"Mama yule alikuja hapa," daktari alisema. Hakupandisha sauti. "Alikuja na viatu hivi mkononi. Akaniambia mkwe wake amevishona kwa mapenzi, na ni kazi nzuri, lakini vinamwozesha mnyama. Aliniuliza atafanyaje asimvunjie mkwe wake heshima. Tukakubaliana awe anamvua mkwe akishaondoka, amwoshe, amwache miguu wazi. Akaniambia ni rahisi tu, kwa kuwa mkwe wake ana adabu, hakosi kukohoa mlangoni. Akisikia kikohozi anamvalisha haraka haraka."

Soli akatafuta pa kuweka macho. Ukutani kulikuwa na picha ya ng'ombe na sehemu zake za ndani, akaishikilia hiyo. Zile jioni zote! Yeye anakagua, anatikisa kichwa kama profesa, na bibi wa watu amekaa pale anahema kidogo kwa sababu ametoka kufunga kamba mbio. Na alivyokuwa anajisifia mbele yake. "Unaona, mama? Unaona?" Na mama anasema, "Naona, baba."

"Ni mimi," akasema. "Nimesema uongo. Nilivishona mimi, na nikamvalisha mimi, na yeye aliniambia nimvue."

"Najua," daktari akasema, akavaa glavu.

Mguu wa kushoto ulipona kwa kutunzwa. Wa kulia ulikuwa umeoza mpaka mfupa. Vidole viwili vikakatwa, na daktari akamwambia Soli waziwazi kwamba Bibie hataukanyagia tena vizuri maisha yake yote, na kwamba sasa ni kumwosha asubuhi na jioni, hata kama mtu ana kazi zake. Soli akaosha. Nyumbani mkewe aliposikia habari yote, na ule uongo, alikaa kitako kwenye kigoda akamtazama. "Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema. "Wewe umevunja la mwenzio." Hakumwongelesha tena usiku huo. Alikuwa na haki, na Soli alijua.

Mama akarudi. Mke wa Soli alikuwa ametaka kumpigia simu mapema ajue, Soli akakataa. Lile alitaka kulisema mwenyewe, uso kwa uso, na alikuwa ameshajifundisha maneno. Alikuwa na hotuba nzima. Mama alipoingia, kabla hajakaa, kabla ya maji ya kunywa, akauliza, "Bibie wangu yuko wapi?" na hotuba ikayeyuka.

Soli akapiga magoti sakafuni, karibu na kizimba. "Sikumvua, mama. Uliniambia, na sikumvua. Mguu umekatwa vidole."

Mama akainama, akamtoa Bibie, akaufungua ule mguu. Akautazama. Akamweka kifuani na kukaa naye hivyo.

"Kuna jingine," Soli akasema. Mkewe alikuwa mlangoni, anasikia. "Daktari aliponiuliza nani alimvalisha, nilisema ni wewe."

Huko nje mtu alikuwa anapiga hodi kwa jirani, anapiga tu.

"Mimi?" mama akauliza.

"Wewe, mama."

"Mimi nilikusitiri, baba," mama akasema polepole. "Kila siku nilikusitiri. Wewe ukaenda kunianika."

"Lakini kwa nini hukuniambia?" Soli akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Ungeniambia tu, mama, kwamba vile viatu vibaya."

"Ningekuambia lini?" Kwa mara ya kwanza tangu harusi, mama mkwe wake alimkazia macho. "Nakuuliza. Tangu nimeingia nyumba hii, umeshawahi kunyamaza?"

Mkewe hakumtetea. Mama akapangusa macho kwa ncha ya mtandio, akatandika kitambaa magotini, akamlaza Bibie juu yake.

"Lete maji," akasema.

Soli akainuka, akaenda jikoni, akaleta beseni. Mama akachovya kidole, akakitoa upesi. "Unataka kumchemsha? Rudisha!" Akarudisha. Akaleta mengine. Mama akamwonyesha pa kukaa, siyo kwenye kiti, pale chini mbele yake, akampa ule mguu mdogo uliobaki na vidole viwili aushike. Alishika.

"Sivyo. Unambana."

Akalegeza. "Hivi, mama?"

"Sivyo. Acha kuniuliza, tazama mkono wangu."

Fundi akanyamaza, akatazama.