Ghorofa Nne kutoka Sakafuni

Wananchi wote wanaarifiwa, waliosimama na waliokaa, kwamba ukuta wa hospitali unaotazama lango kuu, wenye urefu wa ghorofa nne, umechorwa na Mchoraji, mama ambaye tangu azaliwe hajavuka kipandio cha pili cha ngazi. Mwenye pingamizi apeleke malalamiko kwa Mchomeleaji, mume wa mdogo wake, maana yeye ndiye aliyekuwa juu.

Kabla ya kazi ile, Mchomeleaji alimjua shemeji yake kama mtaa mzima ulivyomjua: mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mwandishi wa vibao vya saluni na maduka ya simu, mwenye kifafa. Alimeza vidonge vyake saa moja asubuhi na saa moja jioni bila kukosa, na hakupanda ngazi, kwa sababu kichwa chake kingeweza kuzimika kama taa, bila hodi. Vibao vyote vya chini mtaani ni vyake. Alichokuwa akikitaka tangu usichana ni ukuta.

Kamati ya hospitali ilipotaka picha ya mama na mtoto, alipeleka mchoro. Wakaupenda. Halafu mwenyekiti akakohoa, kile kikohozi cha mtu mwenye habari mbaya na kiti kizuri.

"Tatizo ni jukwaa, mama. Ukianguka kule juu, tutasemaje?"

"Mimi sipandi," alisema. "Ukuta ndio utashuka."

Alimaanisha mabamba ishirini na manne ya chuma. Yeye angechora sakafuni, Mchomeleaji angeyapandisha na kuyafunga. Mwenyekiti alikubali kwa sharti moja: jicho moja likikosana na lenzake, mabamba yanashuka siku hiyohiyo na ukuta unapakwa chokaa.

Walipewa chumba cha zamani cha kufulia. Kilitosha mabamba manne tu kwa mpigo, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuiona picha nzima, hata yeye mwenyewe. Alikuwa na karatasi yenye miraba ishirini na minne, kamba, chaki na magoti yake.

"Shemeji, usinielewe vibaya," Mchomeleaji alisema siku ya paji la uso. "Paji la huyu mama linaweza kutuliwa na ndege."

"Kule juu litaonekana fupi. Nimelirefusha."

"Na macho? Mbona ya chura?"

"Wewe umeshamtazama mtu wa ghorofa nne ukiwa miguuni pake?"

"Hapana."

"Basi nishikie kamba."

Wiki ya pili alianguka. Brashi iliruka, mwili ukakakamaa, kisha ukaanza kutikisika kando ya kopo la bluu. Papo hapo pakafunguliwa chuo cha udaktari. Dobi mmoja alikuja mbio na kijiko cha kumtia mdomoni, wa pili akataka anusishwe kitunguu, wa tatu akafundisha kutoka mlangoni kwamba inaambukiza.

"Kijiko kirudi jikoni," Mchomeleaji alisema. Alisogeza kopo, akakunja koti akaliweka chini ya kichwa cha shemeji yake, akatazama saa. Dakika mbili. Mtikisiko ulipokoma akamlaza kiubavu na kukaa naye mpaka alipoamka.

"Bamba lipi lilikuwa bado na rangi mbichi?" ndilo jambo la kwanza shemeji yake alilouliza.

Kesho yake mkono ulikuwa bado mzito, kwa hiyo Mchoraji aliacha uso akafanya anga la bamba la tisa: bluu nzito juu, nyepesi chini. Anga, alisema, halina haraka na mtu.

Ikaja zamu ya Mchomeleaji. Siku tatu alining'inia kwenye jukwaa akikaza bolti, pua yake ikigusa pua ya picha, haoni kitu ila rangi. Jukwaa lilipobomolewa, alitembea hadi langoni bila kugeuka, akisoma nyuso za watu. Msukuma machela alikuwa amesimama na machela yake katikati ya njia, na mgonjwa aliyekuwa juu yake hakulalamika. Mwenyekiti alikuwa ameachama.

Tumekwisha, Mchomeleaji aliwaza. Chokaa. Akageuka.

Mama wa ukutani alikuwa anamtazama. Paji lilikuwa paji. Macho yale ya chura yalikuwa macho ya mtu aliyekesha na mtoto na hajuti, na usoni hapakuonekana palipounganishwa. Mchomeleaji alikuwa amezunguka uso ule na viatu vyake vya kazi kwa wiki sita, akidhani anaruka vipande vya chuma. Akavua kofia. Kumbe shemeji yake, kila alipopiga magoti kule ndani, alikuwa amesimama hapa langoni ameinua shingo.

"Mama, sina la kusema," mwenyekiti alianza, kisha akalisema kwa dakika sita. Chokaa haitanunuliwa. Ukuta ni wake. "Tafadhali, tupe neno lako."

Mchoraji alikuwa amekinga macho kwa mkono, akiukagua ukuta pole pole, kona hadi kona.

"Bamba la tisa umelifunga juu chini, shemeji."