Kitufe Kimoja, Tendo Moja

Shemeji yangu fundi seremala ana vidole saba. Anayemsalimia kwa mara ya kwanza huutazama mkono wa kushoto, kisha hugeuza macho haraka, naye humtoa aibu kwa utani: "Usijali, vilivyobaki vinatosha kuhesabia watoto." Watoto hana. Dada yangu, mkewe, huucheka utani huo kila mara kana kwamba ndiyo kwanza anausikia, na kwa hilo tu nampenda dada.

Vile vitatu vilikatwa na msumeno wa umeme miaka tisa iliyopita. Alikuwa ameinama kutoa kipande cha mbao kilichokwama, na mdogo wake, aliyekuwa akifanya kazi naye karakana moja, akawasha bila kuangalia. Mdogo mtu alimkimbiza hospitali, akakaa nje ya wodi siku mbili bila kutia kitu mdomoni, siku ya tatu akaondoka mjini. Namba ya simu akabadilisha. Shemeji hakumlaumu hata kwa neno moja, ila hakupata nafasi ya kumwambia hivyo.

Mimi nina duka la kuchapa barua na kutoa kopi, mtaa wa pili kutoka karakana. Kompyuta yangu ilipozeeka nilimpa shemeji achoree makabati yake. Akachora mawili, halafu akagundua gemu. Ni mchezo wa mtandaoni: watu wanajenga vijiji na kuvilinda na majambazi wanaovuka daraja. Yeye akajiita Randa, na kijiji akakipa jina la karakana yao. Nilimcheka sana, mtu mzima na mvi zake.

Mwaka juzi mchezaji mmoja aitwaye Msumari akaomba kuhamia kijijini kwake. Haikuisha wiki shemeji akaja dukani, hajavua hata aproni ya kazi.

"Shemeji, njoo uone anavyojenga huyu. Ukuta anauanzia kona ya kulia, ubao wa juu kabla ya wa chini. Baba alitufundisha hivyo. Hakuna fundi mwingine anayeanza hivyo."

"Umemuuliza?"

"Nikimuuliza atakimbia. Namjua."

Basi hakuuliza. Kila siku saa kumi alasiri alifunga karakana, akanawa, akakaa mbele ya kompyuta, na Msumari alikuwa keshafika. Waliandikiana maneno ya kazi tu. Leta mbao. Mlango umelegea. Kesho saa kumi. Dada alikuwa akipita na chai, anasoma juu ya bega la mumewe, kisha anakwenda kulia jikoni. Ilikuwa furaha, lakini ya kuzuia pumzi.

Mkono ndio uliosumbua. Nilimhamishia vitufe: kilichotaka kidole cha mwisho nikakileta karibu na dole gumba. Hilo halikuwa na ubaya wowote, mchezo wenyewe una sehemu ya kufanyia hivyo. Lakini darajani palihitaji mambo manne kwa mfululizo: inua ngao, piga, rudi nyuma, kunywa dawa. Shemeji alichelewa kila mara, na kila mara Msumari alijitupa mbele yake akauawa yeye. Ni mchezo, anafufuka. Hata hivyo shemeji alikuwa akiondoka pale mezani amenuna.

"Anakufa kwa sababu ya mkono wangu," aliniambia. "Tena."

Hapo ndipo nilipojifanya mjuaji. Mimi dukani nina kitufe nikikibonyeza mara moja kinaandika anwani, tarehe, salamu na mstari wa kwanza wa barua ya maombi ya kazi. Miaka kumi na mbili nimekula kwa kitufe hicho, na hakuna ofisi iliyowahi kuirudisha barua kwa sababu niliiandika kwa haraka. Nikaona mambo ni yaleyale. Nikayafunga yale manne kwenye kitufe kimoja, nikamwambia, "Bonyeza, shemeji, mengine yatajipa." Wiki mbili Msumari hakufa hata mara moja. Shemeji alikuwa akipiga mluzi karakana nzima.

Kisha likaja tangazo kwenye kioo: akaunti imefungiwa siku thelathini. Kitufe kimoja, tendo moja. Kuhamisha vitufe ruksa. Kuunganisha matendo ni kosa. Niliandika barua ya kujieleza, nikataja vidole, nikataja msumeno. Wakajibu kwa adabu kwamba wamesikitika, na uamuzi uko palepale. Niliwatukana kimoyomoyo mpaka nikachoka. Halafu nikayasoma yale masharti, na mstari ule ulikuwapo, wazi kabisa. Mimi niliyembofyea shemeji "nakubali" bila kusoma ndiye ninayewasomea watu mikataba yao kabla hawajaweka sahihi.

"Ngoja nijiunge mimi, nimwambie umefungiwa," nikasema.

"Utamwambia wewe ni nani?"

Nilikuwa nimeshavuta kiti mbele ya kompyuta; nikakirudisha.

"Ukijitambulisha tu, shemeji, atajua kwamba tunamjua. Atapotea. Siku thelathini si nyingi."

Akazichora ukutani kwa penseli yake ya useremala, na kila saa kumi alikata moja. Niliziona kila nilipopita. Nilitamani anigombeze, lakini yeye aliniuliza hali ya biashara.

Siku ya thelathini na moja tulikaa watatu mbele ya kompyuta, dada katikati. Akaunti ikafunguka. Msumari hakuwa darajani. Kulikuwa na ujumbe wake, umepangana kwa tarehe.

Randa, upo?

Nimekaa darajani, nakusubiri.

Ukuta wa mashariki nimeumaliza.

Halafu, siku ya kumi na tano: Mkono unauma?

Dada akashika mdomo. Miaka minane, na hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza kuhusu mkono.

Wa mwisho ulikuwa wa siku ya ishirini na sita. Kaka, nilijua kijiji ni chako tangu siku ya kwanza. Nilifikiri umeshanijua na umenisamehe. Sasa naona umenijua ndiyo maana huji. Una haki. Sitakusumbua tena.

Shemeji akabonyeza jina la Msumari. Kioo kikajibu kwamba mchezaji huyo amefuta akaunti yake.

Nikataka kusema kitu, nikalia badala yake. Shemeji akanipa leso, yeye aliyepaswa kupewa. Kisha akavuta kibodi, akaandika jibu mwenyewe, kwa vidole saba, herufi moja baada ya nyingine: Sikukuchukia hata siku moja. Akatuma. Likarudi, halina wa kupokea.

"Niondolee ule ufundi wako wote, shemeji," akasema. "Rudisha vitufe kama vilivyokuwa."

Nikavirudisha. Sasa yapata mwaka. Kila saa kumi anafunga karakana, ananawa, anakwenda kusimama darajani. Majambazi wanakuja, anachelewa kuinua ngao, wanamuua. Anafufuka, anarudi palepale, ili mtu akipita amkute.