Lebo ya Jiko la Uani

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa kuchimba mabaki ya kale uani mwa nyumba moja kongwe ya Mji wa Kale, Mombasa, kabla haijakarabatiwa. Mimi ni mtu wa kuandika ujumbe wa mistari mitatu kwa saa nzima, kwa hiyo nilipewa kazi ya lebo: kueleza kila kitu kilichofukuliwa kimetoka wapi.

Nyuma ya choo tulifikia chumba kidogo: mafiga, majivu, vigae vya vyungu vyenye masizi. Kizingiti chake kilikuwa na tundu la komeo upande wa nje. Nikatia vigae mfukoni, na kwenye lebo ya mfuko nikaandika: Jiko la watumwa.

Mwenye nyumba, mama mmoja mwenye maneno laini, aliinama akasoma.

"Futa hapo, mwanangu. Sisi hatukuwa na watumwa. Hao walikuwa watu wa nyumbani."

Kiongozi wetu, mtu wa bara, akaninong'oneza. "Andika 'jiko la nje', dada. Ruhusa ya kuchimba ni yake. Akikasirika tumekwisha."

Nikashika kalamu. Nikafikiria ruhusa, mkataba wangu wa miezi mitatu, adabu niliyofunzwa, kisha nikafikiria yote upya.

"Samahani, mama. Hao watu wa nyumbani waliitwa nani?"

"Ya zamani hayo. Nani anayakumbuka?"

"Na mlango wao, mbona ulifungwa kwa nje?"

Akanyanyuka. "Kwani wewe ni wa nani?"

Mombasa swali hilo haliulizi unakaa Tudor au Kilindini. Linauliza ukoo. Kwetu tunataja baba na babu, kisha tunanyamaza, kwa sababu jina la baba wa babu ni katika majina ambayo mabwana waliwapa watu walionunuliwa, na watu wazima wa hapa wakilisikia tu wanajua. Hata kwenye fomu za shule tuliliruka.

Nilimtajia majina yote, la mwisho kwa sauti.

"Aa," akasema. "Kumbe."

"Ndiyo, mama. Kumbe."

Hakutufukuza. Alisema anawaita wanawe, waje waamue wao kama tutaendelea kuchimba. Kiongozi akashika kichwa.

"Umetumaliza, dada! Ifute sasa hivi, kabla hawajafika."

"Siifuti."

Niliutia mfuko kwenye kasha, lebo yake vile vile ilivyo, nikashuka tena shimoni. Kulikuwa na nusu ya chumba bado haijachimbwa.