Mikono ya kushoto ya fundi Kavuo

Saa moja asubuhi ukungu bado umelala juu ya vilima vya Masisi, na fundi Kavuo Kasika amelala chini ya trekta. Kinachoonekana ni viatu vyake vya mvua. Kinachosikika ni amri.

"Papa Jean de Dieu, usiguse kwanza! Ukigusa, utanipasua kichwa."

Jean de Dieu Munyakazi, mkulima wa maharage mwenye miaka hamsini na mmoja, ameketi kwenye kiti cha dereva na hagusi kitu. Mkono wake wa kushoto umetulia gotini. Wa kulia umeishia kwenye kiwiko. Alipigwa risasi miaka miwili iliyopita, siku mapigano yalipofika kijijini na yeye akarudi kuwafungulia ng'ombe zizi.

Kesho mnunuzi anakuja kulichukua trekta. Mkewe, Mama Thacienne, amesema wazi kwamba leo likishindwa litauzwa, maana msimu wa kupanda umefika na dereva hana mkono wa kuliendesha. Alisema akiwa amempa mumewe mgongo, akikoroga uji. Kavuo alikuwepo, na anajua kwa nini mama huyo hakugeuka.

Trekta lenyewe ni dogo, linapita hata kwenye njia ya ng'ombe. Lilitoka kiwandani na kishikio kimoja tu cha kuyaongoza mafuta ya presha yanayonyanyua jembe la nyuma. Mafundi wa huku hukiita mkono, na mkono huo uko kulia.

"Nikamwambia, Papa, weye umebakia na mumoja wa kushoto. Basi trakteri nayo tutaipatia ya kushoto," anasema Kavuo, akitoka chini na uso mweusi kwa grisi kama aliyepakwa masizi ya jiko.

Ameongeza miwili, yote kushoto, ya beleshi alilofunga mbele libebe udongo ambao Papa hawezi tena kuubeba. Mmoja unapandisha na kushusha beleshi hilo, mwingine unaliinamisha limwage. Ule wa zamani ameuunga kwa fimbo ya chuma ili nao uvutwe kutoka kushoto. Chuma cha kugawa mafuta alikitoa kwenye lori bovu la mchanga huko Walikale. Alikibeba mgongoni siku sita kwa miguu, pamoja na spana zake, alipokimbia vita miezi kumi iliyopita.

Ni mwanamke wa miaka arobaini na minne. Alizaliwa Butembo, akajifunza ufundi chini ya malori ya baba yake, mfanyabiashara aliyepeleka bidhaa Walikale. Gereji ambayo Kavuo mwenyewe aliifungua huko ilitengeneza malori manne kwa wiki. Masisi hupata kazi moja kwa majuma mawili, na mara nyingi hulipwa jibini.

"Nimenenepa sababu ya vita," anasema, kisha anacheka peke yake.

Kazi hii nusura imwaibishe. Juma lililopita alivuta mikono mipya mbele ya kijiji kizima. Beleshi halikutikisika. Alifungua mipira ya kupitishia mafuta mmoja baada ya mwingine, akatukana kwa Kinande, lugha ya kwao Butembo, akaomba msamaha kwa Mungu, akafungua tena. Ni Mama Thacienne aliyechungulia kwenye tangi na kuchovya kidole.

"Mama Kavuo, hii si mafuta ya trakteri. Hii njo ile ya kwenye sufuria yangu. Imeganda."

Ilikuwa kweli. Barabara zilipofungwa na mafuta ya mashine yakakosekana, Kavuo alitia mawese, kama alivyozoea kufanya Walikale. Kule msituni kuna joto, mawese hutiririka. Hapa vilimani baridi ya asubuhi huyageuza siagi.

"Nililia," anakiri. "Si sababu ya mawese. Niliona vile Papa alishuka kwenye kiti, polepole, bila kunilaumu. Heri angenitukana."

Waliyamwaga, wakasafisha tangi na mipira kwa mazuti, yaani dizeli. Kavuo alipanda pikipiki hadi Sake, akapita vizuizi vitano, na baada ya siku mbili akarudi na lita ishirini za mafuta halisi mapajani. Mama Thacienne, asiyetupa kitu, aliyapika yale mawese yakawa sabuni.

Sasa injini inanguruma. Kavuo anasimama kando, mikono kichwani.

"Vuta, Papa."

Jean de Dieu anautuliza usukani kwa kigutu, anavuta kwa kushoto. Beleshi linatetemeka, linasita, linapanda. Anavuta mwingine, linamwaga udongo wake. Analirudisha chini, analipandisha tena, mara tano, bila sababu yoyote ila furaha. Mama Thacienne amejifunika mdomo kwa kitenge. Halafu anachukua simu na kumwambia mnunuzi asijisumbue.

Kavuo ana mpango. Barabara ikifunguka atarudi Walikale kufungua tena gereji yake, na atamtengenezea mashine kila mtu ambaye vita vimempunguza.

"Siku ile, mi nitakutangulia na beleshi, nikuondoshee matope," anaahidi Jean de Dieu.

Tangu aumie, mtu huyu aliacha kusalimia watu, maana huku kumpa mtu mkono wa kushoto ni kumtukana. Ni Kavuo pekee aliyemsalimia bila shida. Siku ya kwanza mikono yake ilikuwa na grisi, akanyoosha kifundo cha mkono kama wafanyavyo mafundi, naye akakigusa kwa kigutu. Tangu hapo ndiyo salamu yao.

Leo Kavuo amenawa kwa ile sabuni ya mawese, mikono imetakata. Jean de Dieu anamnyooshea kigutu cha kuagana, lakini fundi anatikisa kichwa.

"Hapana, Papa. Nipe ule ulifanya kazi."

Jean de Dieu anasita, anamtazama mkewe. Kisha anautoa mkono wa kushoto, na Kavuo anaupokea kwa mikono yake yote miwili.